Habari ya Mkono

Mashine yenyewe haikuwa kubwa. Ungeitia ndani ya kiondo na kupita nayo sokoni bila mtu kukuuliza umebeba nini. Lakini tangu Kiilu aione Jumatatu hakuwa na habari nyingine mdomoni, na sasa ilikuwa Alhamisi, na mkewe Katunge alikuwa amezisikia sifa zake mara nyingi hata angeweza kwenda kuiuza yeye mwenyewe.

"Pedali nane ndani ya sanduku moja, Mama Beth," Kiilu alisema tena. "Unakanyaga hapa, sauti inarudi. Unakanyaga pale, inatoka nyingine juu yake, unadhani mmekaa watu wawili mnapiga. Iko na taa nyekundu ya kukuonyesha uko namba gani."

"Na inakula nini?"

"Stima tu."

"Basi hiyo ina bahati. Sisi tunakula unga."

Katunge alikuwa ameketi mlangoni mwa chumba chao cha kupanga, nyuma ya stesheni ya Voi, akisuka kiondo cha mkonge, na maneno hayo aliyasema bila kuinua macho. Vyondo vyake aliwauzia abiria wa treni na wachuuzi waliovipeleka Mombasa kwa watalii. Mwaka ule, mwaka wa kupiga kura kwa mlolongo, ndivyo vilivyokuwa vikilipa kodi ya chumba. Kiilu alilijua hilo vizuri. Ndiyo maana alikuwa akizungumza akiwa amesimama.

Yeye alipiga gitaa la solo katika bendi ya Josphat, na hakuna aliyekuwa na shaka kwamba alilijua. Lakini vidole viwili vya mwisho vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vimekauka. Vilikuwapo, vina kucha, vinaonekana, ila havikukunjika. Miaka miwili iliyopita vilibanwa na korona, ile mashine ya kukwangua majani ya mkonge, katika shamba la Kirumbi alikokuwa kibarua. Shamba likamtoa kazini, likamtoa na katika nyumba za laini za vibarua, na tangu siku hiyo akaanza kuishi kwa gitaa alilokuwa akilipiga zamani kwa kujifurahisha. Pedali yake kuukuu ilikuwa na kazi moja tu, kurudia sauti. Kiilu akaipigia hesabu, akajifundisha kupiga noti na kuacha pengo, na ile sauti ya kurudi ikaliziba pengo ambalo vidole vilivyokufa vilishindwa kuliziba. Mtu aliyekaa mbali hakuweza kugundua. Sasa pedali hiyo ilikuwa imezeeka, inakwaruza na kumeza sauti, na pengo likaanza kusikika.

Josphat naye alikuwa ameliona. Loji moja huko ndani ya Tsavo ilitaka bendi ya kuwachezea watalii kila mwisho wa juma, kwa mshahara, na mzungu wake alitaka sauti ya kisasa. Josphat alimweleza Kiilu bila kumzungusha kwamba mwisho wa mwezi ama atakuja na mashine mpya, ama nafasi itachukuliwa na kijana wa Mombasa mwenye vidole kumi. Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayetaja saa ya treni.

Pesa za mashine zilikuwapo na hazikuwapo. Daktari alikuwa ameupima mkono na kuandika ulemavu wa asilimia ishirini na mbili, na kampuni ya bima ya shamba ilitarajiwa kulipa shilingi elfu tisa na kidogo. Nyumbani kwa Kiilu ziliitwa pesa za vidole. Zilikuwa zimezungumzwa miaka miwili, na Katunge alikuwa amekwisha kuzipa kazi. Mama mmoja wa Kidawida, Milka, alikuwa anauza ploti katika mtaa wa Mwakingali kwa elfu nane ili arudi kwao milimani. Alimpenda Katunge kwa sababu ya kanisa, akakubali kumngojea hadi mwisho wa mwezi. Katunge alikuwa ameikanyaga ploti hiyo kutoka kona hadi kona na kuchagua mahali pa mlango.

"Hizo pesa ni za vidole," alisema. "Vidole vilikuwa vinalisha nyumba. Wacha ziende kwa nyumba."

"Ndiyo nasema tuzirudishe kwa vidole. Loji italipa kila mwezi."

"Ploti haikufukuzi kazi, Baba Beth."

Walibishana hadi jua likageuka upande wa pili wa mlango. Katunge hakuwa mwanamke wa kukataa kwa ajili ya kukataa. Alijua mume asiye na bendi atakuwa mume wa kukaa pale chumbani akiviangalia vidole vyake, na alikwisha kuuona mwaka mmoja wa namna hiyo. Mwishowe alisema aende akaijaribu hiyo mashine, lakini asimpe mtu chochote wala asiweke ahadi mpaka pesa ziingie mkononi. Kisha akaongeza sharti lingine, na hapo ndipo aliposimamisha mikono yake.

"Na Kirumbi usipige. Popote wakikuita enda, lakini Kirumbi usipige mpaka watulipe."

Kiilu akasema sawa. Wakati anasema alikuwa anamaanisha, na hilo tumwachie.

Mulei, mwenye mashine, alikuwa gadi wa treni ya mizigo. Kila alipotoka Mombasa alirudi na kitu alichonunua kwa mabaharia: saa, redio, viatu vya mguu mmoja mkubwa kuliko mwenzake. Ijumaa mchana alimkuta Kiilu kwenye baa ambamo bendi ilifanyia mazoezi, ikiwa imefungwa bado, akaitoa mashine ndani ya blanketi na kuiunganisha yeye mwenyewe, maana hakuamini mikono ya mtu mwingine.

Kiilu akapiga noti moja. Akaisikiliza.

Noti ilitoka, ikarudi, na juu yake ikapanda nyingine tamu kuliko mama yake, na hizo mbili zikafuatana mpaka ukutani. Akapiga wimbo mzima kwa vidole viwili. Vile vilivyokufa vilining'inia pembeni ya shingo ya gitaa, lakini alivisikia. Kwa miaka miwili alikuwa amesahau jinsi vinavyolia, na sasa vilikuwa vinalia pamoja na wenzao. Alilia kidogo, na Mulei, ambaye si mtu mbaya, akajifanya anakagua waya.

Halafu wakaja kwenye biashara. Mulei alitaka elfu sita. Hakutaka ahadi za bima, alizijua, lakini kwa sababu ni ndugu yake wa Ukambani angempa mashine akae nayo hadi mwisho wa mwezi, mradi amwachie ile pedali kuukuu. Akilipa, pedali itahesabiwa kuwa elfu moja. Asipolipa, Mulei atachukua mashine yake, na ile kuukuu itabaki kuwa malipo ya matumizi.

Kiilu aliuona mtego. Mtoto angeuona. Aliitazama taa nyekundu, akafungua mkoba wake, akaitoa pedali yake na kumkabidhi. Nyumbani alisema ameijaribu tu.

Jumamosi ya tatu ya mwezi ndiyo iliyokuwa siku ya mshahara Kirumbi, na Josphat akapata kazi ya kupiga dansi la mchana kwenye ghala la nyuzi. Kiilu angeweza kusema anaumwa. Aliifikiria njia hiyo. Lakini Kirumbi ndiko walikokuwa watu waliombeba siku ile, mkono umefungwa ndani ya gunia, na ndiko alikokuwa karani Obadiah, aliyemwandikia barua ya kufukuzwa akiwa bado hospitalini na kumwambia kwamba kibarua wa mkono mmoja hana kazi hata ya kufukuza nyani. Wiki nzima Kiilu aliwaza jinsi Obadiah atakavyosimama mlangoni akisikia. Asubuhi ya Jumamosi alimwambia mkewe kwamba bendi inakwenda Miasenyi.

Dansi lilianza saa nane na kufikia saa tisa ghala lilikuwa halina mahali pa kuweka mguu. Watu walipanda juu ya marobota ya mkonge. Wanaume wa korona walipomwona Kiilu walimwita kwa jina, wakajaa mbele, na alipoikanyaga ile mashine na sauti zikatoka mbili mbili, mmoja wao akamshika mwenzake bega na kumwonyesha mkono ule. Hawakuelewa, wala hawakutaka kuelewa. Walichokiona ni kwamba mwenzao alikuwa ameliwa na korona na hakuisha. Wengine walimbandika noti za shilingi kumi kwenye paji la uso, pesa ambazo walikuwa wamezipokea saa mbili tu kabla. Tangu apate ajali, Kiilu hakuwahi kuwa na furaha ya namna ile.

Obadiah alikuja wakati wa mapumziko. Alikuwa amevaa tai, akifuatana na msimamizi wa ghala na mnyapara mmoja. Alimpa Kiilu mkono kwa heshima mbele ya watu wote, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Habari ya siku nyingi, Kiilu."

"Mzuri, bwana karani."

"Bibi na watoto?"

"Wazuri sana."

"Na habari ya mkono?"

"Mzuri," akajibu Kiilu. "Mzuri kabisa. Namshukuru Mungu."

Angejibu nini? Kwetu mtu huulizwa habari akiwa na homa akasema nzuri, huulizwa kilioni akasema nzuri, kisha ndipo aeleze aliyefariki. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, na asiyejibu hivyo huonekana hana adabu. Obadiah alitikisa kichwa kama mtu aliyefurahi kwa dhati, akamgeukia msimamizi wa ghala na kumuuliza kama amesikia. Msimamizi akasema amesikia.

Barua ilifika siku kumi baadaye. Ilipigwa taipu kwa Kiingereza, na Beth, aliyekuwa darasa la saba, ndiye aliyeisoma na kuwafasiria wazazi wake, akisimama kila mstari kutafuta neno. Kampuni ya bima ilikuwa imepata habari kwamba mlalamikaji anapiga gitaa hadharani kwa mikono yote miwili. Zaidi ya hayo, tarehe fulani, katika shamba lenyewe la Kirumbi, mbele ya mashahidi wawili, mlalamikaji mwenyewe alikiri kwamba mkono wake ni mzuri kabisa. Kwa hiyo malipo yamesimamishwa. Mtu wa bima atakuja Voi tarehe tatu kumsikiliza, na mlalamikaji aje na gitaa.

Katunge alimwambia Beth aende akateke maji. Beth akasema mtungi umejaa. Akaambiwa aende hivyo hivyo.

"Miasenyi," Katunge alisema walipobaki wawili.

Kiilu akaikunja ile barua.

"Niliuliza watu wa Miasenyi walicheza vipi, ukaniambia walicheza vizuri. Ukaniambia kuna mzee alianguka kwa kucheza. Huyo mzee ulimtoa wapi?"

"Alianguka Kirumbi."

"Na pedali yako iko wapi? Nimefagia chini ya kitanda wiki mbili sijaiona."

Ikabidi aseme na hilo. Katunge alisikiliza hadi mwisho, kisha akaokota kiondo chake, akasuka mstari mmoja, akaufumua na kukiweka chini tena. Alisema asingeumia sana kama mumewe angekuwa mlevi, maana mlevi unajua anakunywa nini. Hilo lilikuwa neno baya na alijua ni baya. Alimwacha alibebe.

Hasira zilipotulia, ndiye aliyeona njia. Kama mashine ndiyo iliyowadanganya watu wa bima, basi mashine hiyo hiyo ipelekwe mbele yao. Ichomekwe kwenye stima, Kiilu apige noti moja, wasikie zikitoka mbili, waizime, wasikie ikitoka moja. Hata mtu mjinga ataelewa. Kiilu akaona ni kweli, na kwa mara ya kwanza tangu barua ije akala.

Lakini mwezi ulikuwa umekwisha. Mulei alikuwa amekuja juzi akachukua mashine, bila ugomvi, kama walivyoagana, na Kiilu alipomfuata stesheni alimkuta tayari ameiuza. Aliyeinunua ni Josphat, kwa ajili ya kijana wa Mombasa. Pedali kuukuu nayo ilikuwa imekwenda Mtito kwa fundi wa redio, ambaye aliitaka kwa vipuri. Mulei alisema pole, na ilikuwa pole ya kweli, lakini treni yake ilikuwa inaondoka.

Josphat alikuwa baani akinywa soda, na kijana wa Mombasa alikuwa ndani akijaribu mashine. Kiilu alisimama mlangoni akiisikiliza ikipigwa na vidole vyote. Alimweleza Josphat shida yake. Hakuomba kurudishwa kwenye bendi, aliomba asubuhi moja tu, saa moja tu, na akasema Josphat anaweza kuja nayo mwenyewe akaishika mkononi.

"Nikuulize, Kiilu," Josphat alisema, akiigeuza chupa yake mkononi. "Utaenda kuwaambia kwamba siku ile haikuwa wewe, ilikuwa hii mashine?"

"Ndiyo ukweli wenyewe."

"Voi ni ndogo. Kesho loji watasikia kwamba bendi ya Josphat inapigiwa na mashine. Mzungu ataniuliza anatulipa sisi ya nini, si anunue mashine? Hapana, ndugu yangu. Niombe kitu kingine."

Kiilu hakuwa na kitu kingine cha kuomba. Josphat akamlipia soda, na Kiilu akainywa yote, kwa sababu kuiacha ingeonekana kama amekasirika.

Gitaa lake la stima bila spika lilikuwa ubao tu, kwa hiyo Katunge alikwenda kuazima gitaa kavu la kanisa. Mzee wa kanisa alimpa kwa sharti kwamba lirudi kabla ya mazoezi ya kwaya saa kumi, na lisipigiwe nyimbo za dunia. Katunge akasema linakwenda ofisini. Milka naye alikuwa amekubali kungoja hadi jioni ya siku hiyo, kisha angempa mtu mwingine aliyekuwa na pesa tayari.

Ofisi ya shamba mjini ilikuwa juu ya duka la vyuma. Waliambiwa waje saa tatu, wakaketi kwenye benchi la nje hadi saa sita. Obadiah alipita mara mbili akapelekewa chai. Walipoitwa, walimkuta mtu wa bima nyuma ya meza, mtu mwembamba mwenye miwani, mpole, aliyesimama kumpisha Katunge kiti. Obadiah alikaa pembeni na faili.

"Habari zenu?" mtu wa bima aliuliza.

Kiilu akamgeukia mkewe.

"Mbaya," alisema Katunge.

Mtu wa bima akamtazama kidogo, akaandika kitu. Kisha akaushika mkono wa Kiilu, akavibonyeza vile vidole, akavivuta. Alisema ameisoma ripoti ya daktari na anaiheshimu, lakini daktari hupima mkono uliolala mezani na yeye anatakiwa kujua mkono unaofanya kazi. Akamwomba basi apige gitaa kama anavyopiga siku zote.

Kiilu akapiga. Alipiga wimbo ule ule wa Kirumbi, kwa namna ile ile aliyoizoea, noti na pengo, noti na pengo, na mapengo yakabaki wazi kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuyaziba. Katunge hakuwahi kuhudhuria dansi, yeye ni mtu wa kanisa, na hii ilikuwa mara yake ya kwanza kuusikia mkono wa mumewe ukiwa peke yake tangu uumizwe. Aliangalia chini. Ulikuwa wimbo wa kusikitisha, unachechemea, na mwenyewe aliupiga kwa ukweli wote bila kuongeza wala kupunguza.

Obadiah akacheka kwa pua.

"Bwana, huyu anajifanya," alisema. "Siku ile watu walipanda juu ya marobota. Mimi mwenyewe nilikuwa nasikia. Upigaji haukuwa huu."

"Bwana Kiilu," mtu wa bima alisema kwa upole wake, "mtu anayejifanya mara nyingi hukosa hata kile kidogo. Nakuomba unisaidie."

"Sijifanyi."

"Basi siku ile ilikuwa nini?"

Katunge aliinua uso. Hiyo ndiyo nafasi yao, na ilikuwa imewekwa mezani wazi. Mashine haikuwapo, lakini neno lilikuwapo. Angesema ilikuwa mashine, waulizwe watu wa bendi, aulizwe Mulei, mambo yachukue mwezi mwingine lakini yaende. Kiilu naye alikuwa amejiandaa kulisema hilo. Walikuwa wamelifanyia mazoezi njiani.

"Labda ilikuwa mashine," Obadiah alisema, akigeuza karatasi. "Nasikia siku hizi kuna vyombo vinapiga vyenyewe. Kumbe huyu bwana alikuwa anasimama tu mbele kama sanamu ya dukani, na watu wetu maskini wanambandika pesa za jasho lao. Kama ndivyo aseme. Aseme yeye si mpiga gitaa, tuandike."

"Ndivyo?" mtu wa bima aliuliza, kalamu mkononi. "Ilikuwa ni mashine?"

Katunge alimgusa mumewe goti. Kiilu alimtazama Obadiah, akaitazama tai yake.

"Mashine haipigi gitaa," alisema.

Akaanza kulegeza nyuzi. Kwa siku hizo zote tangu mashine ichukuliwe, wakati mkewe yuko stesheni na vyondo, alikuwa akikaa kitandani na gitaa lake lisilo na spika akitafuta njia. Alikuwa amegundua kwamba akizibadilisha nyuzi mbili na kukishusha kidole gumba juu ya shingo ya gitaa, vidole viwili vinaweza kufika karibu popote. Hakuwa amemwonyesha mtu. Alitaka kumwonyesha Josphat, akaona aibu. Sasa akazikaza nyuzi upya, akasikiliza, akapiga.

Hakuacha pengo hata moja. Chumba cha pili mwandishi alikuwa akipiga taipu, na taipu ikanyamaza. Wapakiaji wa duka la vyuma walitoka chini wakasimama barabarani wakitazama juu dirishani. Mtu wa bima aliivua miwani yake, akafumba macho na kuyaacha hivyo hadi mwisho, na Obadiah akaacha kugeuza karatasi. Katunge aliangalia ile mikono. Yeye ni msusi, anajua kuhesabu vidole vinavyofanya kazi, na alihesabu viwili na gumba, na vile vingine viwili vimesimama kando vikavu kama siku zote. Mtu yeyote ambaye angeangalia angeviona. Lakini mtu wa bima na Obadiah walikuwa wanasikiliza.

Wimbo ulipokwisha, mtu wa bima akavaa miwani.

"Asante sana," alisema. "Miaka mingi sijasikia kitu kizuri hivyo. Kwa kweli umenisaidia."

Akafungua faili na kuandika asilimia nne. Alieleza kwamba hizo ni kwa ajili ya maumivu, kwamba zinafika shilingi elfu moja mia sita na hamsini, na kwamba wasiporidhika wako huru kwenda kortini, ingawa yeye binafsi asingewashauri, kwa sababu hakimu naye atataka kusikia gitaa. Kiilu akaweka sahihi kwa mkono wa kulia. Obadiah akampongeza, akampa mkono, na wakati wa kutoka akamuuliza kama watapiga tena Kirumbi siku ya mshahara.

Walishuka ngazi. Wapakiaji walimpisha Kiilu njia, mmoja wao akampigia makofi. Jua lilikuwa kali na barabara haina mtu, na walipita stesheni, wakapita mtaa wa reli. Katunge alikuwa amelibeba gitaa la kanisa yeye mwenyewe, amelikumbatia kifuani. Walipofika njiapanda ya kwenda Mwakingali hakugeuka hata kuitazama.

"Vilikuwa viwili tu," Kiilu alisema. "Mama Beth, uliona? Vilikuwa viwili tu."

"Niliona."

"Sikuweza kusema ilikuwa mashine. Mbele ya yule mtu. Nilitaka, ikakataa kutoka."

"Najua."

Wakaenda hatua nyingine chache. Kiilu akasubiri atukanwe, maana matusi angeyaweza, hata kilio angekiweza. Katunge akalihamisha gitaa bega la pili.

"Umepiga vizuri, Baba Beth," alisema. "Tangu unioe sijawahi kuja kwa dansi yako hata moja. Leo nimekuja. Kiingilio kimekuwa ploti."